Kijana Anachaguliwa, Nyumba Je?

Mjomba wangu wa Tanga amekataa katakata kulielewa jambo hili. Nimemweleza kwenye simu, tena si mara moja, kwamba kwenye NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, timu iliyoshika mkia haishuki daraja. Msimu ukiisha, timu hiyo ndiyo inayotangulia kuchagua mchezaji kati ya vijana wote wanaotoka vyuo vikuu.

"Yaani ufungwe mwaka mzima, halafu wewe ndiye unayechagua wa kwanza?"

"Ndiyo, mjomba."

"Na ukichagua vibaya?"

Swali hilo alilirusha tu, akahamia kuniuliza habari za watoto. Mimi nimekaa nalo miaka. Timu hizi zina fedha za kutisha. Zina watu ambao kazi yao ya mwaka mzima ni kuzunguka nchi wakiwaangalia vijana, zina video za kila mechi waliyocheza, zinaongea na makocha wao wa sekondari, na walimu wao, na mama zao. Pamoja na hayo yote, zikifika kwenye kumchagua kwotabeki, zinakosea mchana kweupe. Na hazikosei kidogo.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuutazama mchezo huu: karibu kila shambulizi linaanzia mikononi mwa mtu mmoja, ndiye kwotabeki. Mwenzake anampitishia mpira kwa nyuma, katikati ya miguu, na kuanzia hapo ana kama sekunde tatu. Mbele yake wenzake watano wamejenga ukuta, majitu ya kilo mia na arobaini kila mmoja, na upande wa pili kuna majitu mengine yanayotaka kuubomoa ukuta huo yamfikie yeye. Ndani ya sekunde hizo lazima aone ni nani aliyeachwa peke yake kule mbele, kisha autupe mpira mahali ambapo mwenzake hajafika bado ila atafika. Uwanjani wapo 11, lakini kwotabeki akiwa mbovu wale 10 wanakimbia bure. Ndiyo maana timu iko radhi kuuza shamba na nyumba ili impate mmoja.

Siku ya kuchagua wanaiita drafti. Kwetu drafti ni ule mchezo wa vizibo vya soda chini ya mwembe. Huku ni siku tatu za mwezi wa Aprili, timu 32, raundi 7, aliyeshika mkia anatangulia na bingwa anafunga foleni. Ilianza 1936 pale Philadelphia, kwa wazo la Bert Bell, mwenye timu ya Eagles, aliyechoka kuona timu tajiri zikizoa wachezaji wote wazuri. Kijana wa kwanza kabisa kuitwa jina, Jay Berwanger, hakucheza hata mechi moja ya NFL. Kwa hiyo uchaguzi huu uliota mbawa tangu siku ya kwanza.

Mimi nimejifunza haya yote Kansas City, na mwalimu wangu alikuwa mzee mmoja fundi bomba mstaafu. Nilikuja kuishi hapa 2014. Kazi yangu ya kwanza ya kudumu ilikuwa kuhudumia wazee, zamu ya saa tisa alasiri hadi saa tano usiku, na yeye alikaa chumba cha mwisho cha korido. Alikuwa na blanketi jekundu la Chiefs, timu ya mji, na televisheni ambayo sikumbuki kuikuta imezimwa. Mimi mpira nilioujua ni wa mguu. Siku moja nilimuuliza kwa nini kila ikitajwa Miami anageuza uso ukutani.

Akaniambia nikamletee dhumna kutoka sebuleni. Nikamletea. Akatoa kete sita, akazipanga kwa mstari kwenye meza yake ya kulia, moja baada ya nyingine, polepole, maana vidole vilikuwa vimeanza kukakamaa. "Hii ni 1983," akasema. "Mwaka ule walichaguliwa makwotabeki sita raundi ya kwanza."

Kete ya kwanza: John Elway, chaguo la 1, Baltimore, akakataa kwenda huko wakampeleka Denver. Kete ya pili akairuka. Ya tatu Jim Kelly, Buffalo, chaguo la 14. Ya nne Tony Eason, New England. Ya tano Ken O'Brien, Jets ya New York. Ya sita Dan Marino, Miami, chaguo la 27. Akarudi kwenye ile ya pili na kuilaza kifudifudi. Hiyo ilikuwa chaguo la 7, na waliochagua walikuwa Kansas City. Walimchukua Todd Blackledge.

Elway, Kelly na Marino wote wamo leo kwenye jumba la heshima la mchezo huu. Marino alipofika msimu wake wa pili tu, 1984, alirusha yadi 5,084 na tachidauni 48, yaani pasi zilizofikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani, idadi ambazo hakuna aliyewahi kuzifikia kabla yake. Blackledge alikaa Kansas City miaka 5, akaondoka.

Nilitegemea mzee amponde Blackledge. Hakumponda. Alisema yule alikuwa kijana mwema mwenye akili, ametoka tu kuipa Penn State ubingwa wa vyuo vya nchi nzima, wakati Marino mwaka wake wa mwisho chuoni ulikuwa umemwendea kombo. Mtu yeyote mwenye akili timamu angeweza kumchagua Blackledge. "Lakini angalia alikokwenda kila mmoja," akasema, huku akiigonga ile kete ya mwisho kwa ukucha. Marino alimkuta Don Shula, kocha aliyekuwa Miami tangu 1970 na ambaye hakuna aliyethubutu kumgusa. Blackledge alimkuta John Mackovic, ambaye naye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kazi mwaka uleule, na baada ya misimu 4 alifukuzwa.

Maneno hayo nilidhani ni ya mzee anayeitetea timu yake. Leo ndiyo ninayoyaamini kuliko yote niliyowahi kusoma juu ya drafti. Timu inachagua kijana, na watu wote wanabishana juu ya kijana. Nyumba anayoingia haijadiliwi.

Baada ya jeraha lile Kansas City hawakuthubutu tena. Kwa miaka 34 hawakuchagua kwotabeki raundi ya kwanza. Kwa lugha yetu, walivaa mitumba: Steve DeBerg, Joe Montana mwenyewe alipokuwa anaelekea kustaafu, Steve Bono, Elvis Grbac, wote wamewahi kuvaa jezi ya San Francisco kwanza. Mitumba mingine ilikuwa mizuri kweli, Montana aliwafikisha mbali msimu wa 1993. Ila mtumba ulishavaliwa na mwenyewe, na miaka yake mizuri kaimaliza kwingine.

Nije kwenye vipimo, maana hapa ndipo fedha nyingi zinapoteketea. Kila mwaka kabla ya drafti vijana zaidi ya mia tatu hukusanywa Indianapolis. Imekuwa hivyo tangu 1987. Wanapimwa urefu na uzito. Wanakimbizwa yadi 40 kwa saa ya kielektroniki. Kwotabeki anaambiwa atanue kiganja juu ya rula, wanasoma kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, na robo ya inchi inaweza kuzua mjadala wa wiki nzima redioni. Kwa miaka mingi walipewa pia mtihani wa maswali 50 kwa dakika 12, mpaka ulipoondolewa 2022.

Sidharau kupima. Fundi asiyepima anakata mbao mara mbili. Lakini nimeyatazama majibu miaka hii yote na ninaona wanapima kinachopimika, halafu wanajisahaulisha kwamba kile wasichoweza kukipima bado kipo. Joe Burrow alipimwa kiganja cha inchi 9, wakasema kidogo. Msimu wake wa pili aliifikisha Cincinnati kwenye Super Bowl, fainali ya ligi. Russell Wilson hakufika futi 5 na inchi 11, wakamwacha hadi chaguo la 75 mwaka 2012, na Februari 2014 Seattle walikuwa mabingwa. Tom Brady alikimbia yadi 40 kwa sekunde 5.28, kasi ya mtu anayewahi daladala, akachaguliwa wa 199 mwaka 2000, nyuma ya makwotabeki sita. Alikuja kushinda Super Bowl 7.

Hadithi ya Brady inasimuliwa kila Aprili kana kwamba maana yake ni kuwa waliomruka walikuwa vipofu. Mimi naisoma tofauti. New England mwaka ule walibaki na makwotabeki wanne kwenye kikosi, jambo ambalo timu chache hulifanya, kwa sababu tu hawakutaka kumpoteza yule wa nne. Alikaa mwaka mzima akijifunza nyuma ya Drew Bledsoe. Bledsoe alipoumia Septemba 2001, Brady aliingia kwenye timu iliyokuwa na kocha anayejua anachokitaka na safu ya ulinzi ya kumfichia makosa. Je, kama angeitwa na moja ya zile timu zinazobadilisha kocha kama shati? Tungelijua jina lake?

Mtu ambaye maisha yake yamenifundisha jambo hili kuliko mwingine yeyote ni Alex Smith.

Mwaka 2005 San Francisco walikuwa na chaguo la kwanza. Mbele yao makwotabeki wawili: Alex Smith wa Utah, ambaye hata miaka 21 alikuwa hajatimiza, na Aaron Rodgers, kijana wa California aliyeishabikia San Francisco tangu utoto. Wakamchukua Smith. Rodgers alikaa kwenye chumba cha kusubiria, kamera zimemkodolea, saa zinapita, majina ya wenzake yanaitwa, hadi chaguo la 24. Green Bay wakamchukua, wakamweka benchi misimu mitatu nyuma ya Brett Favre. Alipoanza kucheza 2008 alikuwa amekwishaiva.

Smith yeye alitupwa uwanjani mwaka uleule. Misimu yake minne ya kwanza alikuwa na makocha wa mashambulizi wanne, kila mwaka mpya. Ni sawa na kumfundisha mtoto kusoma kwa Kiswahili mwaka huu, mwakani kwa Kireno, mwaka unaofuata kwa Kirusi, halafu umwite mjinga. Kila kocha anakuja na kitabu chake cha mbinu, na majina yake ya kila mchezo, na namna yake ya kukanyaga hatua za kurudi nyuma kabla ya kurusha. Juu ya hayo bega likaumia, akakosa msimu mzima wa 2008. Watu wa mji wake walimzomea kwa miaka. Ni mpaka alipokuja Jim Harbaugh 2011, miaka sita baadaye, ndipo Smith alipoonekana kuwa mchezaji: San Francisco wakashinda mechi 13 kati ya 16. Mwaka uliofuata akaumia kichwa, kijana mwingine akashika nafasi yake, hakurudishiwa. 2013 wakamuuza Kansas City.

Mzee alimpenda Smith. Alisema anarusha mpira kama mtu anayelipa deni, hazidishi wala hapunguzi.

Sasa njoo 2017. Alhamisi ya tarehe 27 Aprili, drafti ilikuwa Philadelphia, mimi nilikuwa zamu. Chicago walikuwa na nafasi ya 3. Wakawapa San Francisco nafasi hiyo pamoja na machaguo mengine matatu ili wasogee hatua moja tu, kutoka 3 kwenda 2, wakamchukua Mitchell Trubisky, kijana aliyekuwa ameanza mechi 13 tu huko North Carolina. Mzee alikuwa amesinzia. Ilipofika nafasi ya 10, saa mbili na nusu hivi za usiku, ikatangazwa kwamba Kansas City wameruka foleni kutoka nafasi ya 27. Nikamgusa bega.

"Wamemchukua nani?"

"Patrick Mahomes, mzee. Wa Texas Tech."

"Wametoa nini?"

Nikamsomea kwenye skrini: nafasi ya 27, chaguo la raundi ya tatu, na chaguo la raundi ya kwanza la mwaka unaofuata, vyote vimekwenda Buffalo. Akanyamaza. Nikadhani anakumbuka ile kete ya pili.

"Smith bado yupo?"

"Yupo."

"Basi vizuri. Huyu mtoto mwaka huu asicheze."

Wataalamu wengi walikuwa na wasiwasi na Mahomes, na wasiwasi wao ulikuwa na mantiki. Chuoni alicheza mpira wa mtaani. Baba yake alikuwa mrushaji wa besiboli wa kulipwa, naye alirusha mpira akiwa amepinda, akiwa anakimbia, mguu mmoja hewani, mkono ukitokea pembeni badala ya juu. Oktoba 2016 alirusha yadi 734 katika mechi moja dhidi ya Oklahoma, na timu yake ikafungwa 66 kwa 59. Ungempeleka mtu huyo kwenye nyumba yenye njaa, kocha akijua kibarua chake kimebakiza miezi tisa, angeambiwa aache ujinga huo au angeachwa ajiangamize nao.

Kansas City palikuwa na Andy Reid, aliyeanza kuwafundisha makwotabeki kabla Mahomes hajaingia darasa la kwanza. Na palikuwa na Smith. Hebu fikiri nafasi aliyokuwa nayo Smith. Amekwisha kupoteza kazi yake mara moja kwa kijana. Sasa analetewa mwingine, mbele ya macho yake, kwa bei kubwa, na kila mtu mjini anajua maana yake. Mahomes mwenyewe amesema hadharani, tena na tena, jinsi Smith alivyomwacha akae naye kwenye vikao na aone anavyoiandaa wiki yake: Jumatatu anatazama nini, Jumatano anauliza nini, mwili anautunza vipi. Na msimu uleule Smith alicheza mpira bora kuliko wakati wowote wa maisha yake, pasi zake zikadakwa na wapinzani mara 5 tu, alama zake za urushaji zikawa za juu kuliko za kwotabeki yeyote kwenye ligi. Alimfundisha mrithi wake huku akifanya kazi yake vizuri kuliko wote. Sijawahi kuona mtu wa michezo aliyenigusa kwa heshima kama huyo.

Chicago nako? Trubisky alipewa mechi nne za kukaa, ya tano akaanzishwa. Kocha, John Fox, alifukuzwa msimu ulipokwisha. Kijana akaanza upya na kocha mwingine na kitabu kingine. Alikuwa na msimu mmoja mzuri, 2018, kisha akaporomoka, na baada ya 2020 akaondoka. Mahomes 2018 alirusha tachidauni 50, akawa mchezaji bora wa ligi; ameshinda Super Bowl 3 na mkataba aliosaini 2020 unaweza kufika dola milioni 503.

Watu wa Chicago huniuliza: kwa hiyo unataka kusema mngewabadilisha tu, Trubisky angekuwa Mahomes? Hapana. Kipaji ni kipaji, na mkono wa Mahomes haufundishwi. Ninachosema ni kwamba Mahomes wa Chicago asingekuwa huyu tunayemjua, na Trubisky wa Kansas City asingekuwa kichekesho cha nchi nzima.

Na nisieleweke kwamba dawa ni benchi. Peyton Manning, chaguo la kwanza la 1998, alianza tangu mechi ya kwanza na pasi zake 28 zikadakwa na wapinzani msimu ule. Indianapolis walishinda mechi 3, wakavumilia, mwaka uliofuata wakashinda 13. Nyumba yake ilijua kwamba mtoto anayejifunza kutembea huanguka. Josh Allen naye alitoka Wyoming na mkono wa radi ila shabaha mbovu, Buffalo wakamchukua wa 7 mwaka 2018. Msimu wa kwanza pasi zake zilizofika zilikuwa asilimia 52.8. Buffalo hawakumbadilisha kocha wake mkuu wala wa mashambulizi, wakamletea wapokeaji wazuri; msimu wa tatu akafika asilimia 69.2, na 2024 akawa mchezaji bora wa ligi. Sam Darnold aliyechaguliwa wa 3 mwaka uleule wa 2018 na Jets aliharibikiwa kabisa pale New York, akazungushwa timu baada ya timu, mpaka 2024 Minnesota walipompa kocha mtulivu na wapokeaji hodari, wakashinda mechi 14. Mkono wake haukuwa umebadilika.

Kuna kosa lingine ambalo si la nyumba, ni la jicho, na silipiti kimya. Mwaka 1978 Warren Moon, kwotabeki, alitoka kushinda Rose Bowl, mechi kubwa ya vyuo, akiwa mchezaji bora wa mechi ile. Drafti ya mwaka huo ilikuwa na raundi 12 na wachezaji 334 waliitwa majina. Yeye hakuitwa. Alikuwa mweusi, na zama zile kwotabeki mweusi aliambiwa abadilishe nafasi, akimbie au adake, kurusha awaachie wengine. Moon akakataa, akaenda Kanada, akashinda ubingwa na Edmonton miaka 5 mfululizo, akarudi 1984, na 2006 akaingia jumba la heshima. Miaka 40 baada ya yeye kurukwa, Lamar Jackson, aliyekuwa amekwisha kupata Heisman, tuzo kubwa kuliko zote za vyuo, bado alisikia watu wazima wakimshauri awe mpokeaji. Baltimore walimchukua wa 32, wa mwisho wa raundi ya kwanza. Wakafanya jambo ambalo ningetamani kila timu ilifanye: waliutupa mfumo wao wa zamani na kujenga mpya unaomfaa yeye. Msimu wa 2019 wapiga kura wote 50 walimchagua mchezaji bora.

Fedha nazo zinachangia haraka hii. Zamani chaguo la kwanza liliifilisi timu. Sam Bradford mwaka 2010 alipewa mkataba wa miaka 6 wa dola milioni 78 kabla hajarusha pasi moja. Mwaka uliofuata kanuni zikabadilika, Cam Newton akapata miaka 4 kwa milioni 22. Kwa hiyo kwotabeki kijana siku hizi ni rahisi kwa miaka minne tu, na mwenye timu anataka kula matunda ndani ya miaka hiyo. Mti haujui habari za mkataba.

Mwaka 2023 drafti ililetwa hapa mjini kwetu, mbele ya kituo cha reli cha Union Station, tarehe ileile 27 Aprili. Nilikwenda na mwanangu, akiwa na miaka tisa, tukasimama mbali kule kwenye mteremko wa mnara wa Vita vya Kwanza, watu wamejaa hadi barabarani. Carolina walikuwa wamewapa Chicago mpokeaji wao bora, D.J. Moore, na machaguo manne ili wapate nafasi ya kwanza, wakamwita Bryce Young. Houston wa pili wakamwita C.J. Stroud. Kwenye skrini kubwa walikuwa wanamwonyesha Will Levis wa Kentucky, amekaa mezani na familia yake, suti nzuri, anasubiri.

"Baba, mbona yule hawamwiti?"

Nikamwambia subiri. Yakaitwa majina 31, raundi ikaisha, hajaitwa. Mwanangu alikasirika kama vile aliyeachwa ni kaka yake. Levis aliitwa kesho yake, wa 33, Tennessee. Mimi usiku ule niliyekuwa namwogopea ni Young, yule aliyetangulia kuitwa. Kocha aliyemchagua alifukuzwa Novemba, mechi 11 tu baadaye. Timu ikamaliza na ushindi 2, na kwa kuwa chaguo lao la mwaka uliofuata walikuwa wamelitoa, nafasi ya kwanza ya 2024 ikawaendea Chicago. Stroud kule Houston akawa mchezaji bora kati ya wageni wa ligi.

Mzee hakuiona drafti ya mjini kwake. Alifariki 2019, kabla hata ya Super Bowl ya kwanza ya Mahomes. Ila mechi moja ya Mahomes aliiona, na nilikuwa naye.

Ilikuwa tarehe 31 Desemba 2017, mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida, Denver. Kansas City walikwisha kufuzu kwa mtoano, Reid akampumzisha Smith na kumwanzisha Mahomes kwa mara ya kwanza. Mzee alikuwa wiki ya tatu anasukuma sahani. Nilikuwa nimemletea kuku, viazi vya kuponda na maharage mabichi, nikakaa naye kwa sababu daktari aliagiza asiachwe ale peke yake. Mahomes alicheza vizuri. Robo ya mwisho wanaongoza 24 kwa 10, wakamtoa, wakamwingiza Tyler Bray naye apate dakika. Mpira ukawaponyoka, Denver wakauokota wakakimbia nao hadi mwisho. Muda si muda 24 kwa 24.

Reid akamrudisha mtoto. Mzee akanishika mkono. Pasi ya kwanza, ya pili, wanapanda uwanja, saa inakwisha, yule kijana hana haraka hata kidogo, anatazama kushoto akijua atarusha kulia. Wakafika karibu, Harrison Butker akaupiga kwa mguu katikati ya milingoti, sekunde ya mwisho kabisa. 27 kwa 24.

Mzee hakushangilia. Aliuachia mkono wangu, akavuta sahani karibu, akauliza kama viazi vimepoa. Nikavipasha. Saa tano usiku nilipokabidhi zamu, niliandika kwenye daftari lake: amekula chakula chote, ameomba kuongezwa viazi.